Mwiko wa Justa

"Mama Wiliam, hivi wewe huogopi kula mkono wa yule?"

Aliyeniuliza ni Philomena, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu tunayeazimana chumvi. Tulikuwa tumekaa barazani kwangu tunachambua maharage. "Yule" alikuwa Justa Bujiku, mama lishe wa pale kwenye karasha, wanaposagia mawe ya dhahabu, na mchana ule nilikuwa nimetoka kula kwake ugali na sato. Nikacheka kidogo, nikamjibu, "Niogope nini, mimi naogopa njaa." Yakaishia hapo. Sikumuuliza ana maana gani kwa sababu maana yake niliijua. Ningemjibu siku ile ile, tena kwa ukali, labda leo nisingekuwa na habari ya kuandika. Nilinyamaza, na kule kunyamaza nikakuita upole. Watu huniita mpole tangu nikiwa msichana. Siku hizi nikiitwa hivyo, moyo unanichoma.

Acha niwaeleze Justa ni nani, maana wengi wanaomsema hawamjui.

Alizaliwa kijijini, nje kidogo ya Ushirombo, mtoto wa nne wa mzee Bujiku, mkulima wa mpunga na pamba. Hata kutambaa alikuwa hajaanza, mashavu yake yakawa yanachubuka na kutoa majimaji. Viwiko kwa ndani na nyuma ya magoti ngozi ilikakamaa kama ganda la muhogo. Mama yake alimfunga vitambaa viganjani ili asijikune, na asubuhi alivikuta vina damu. Wengine walisema ni ukurutu. Wengine walisema mama alikula mayai akiwa mjamzito. Alipelekwa shule, mwalimu akamtengea dawati la nyuma, peke yake, asije akawaambukiza wenzake upele. Si upele, wala hauambukizi, lakini alilikalia dawati lile miaka mitatu.

"Wenzangu wanabanana wanne wanne, mimi nina dawati zima," huwa anasimulia. "Nikajidanganya kwamba mimi ndiye bosi wa darasa."

Yeye huyasema hayo akicheka. Mimi sicheki tena.

Alipofika darasa la tano kifua nacho kikaanza. Wakati wa kupura mpunga, vumbi likitimka, alikuwa anapiga mluzi kifuani kama filimbi iliyopasuka. Ndipo mganga wa zahanati, mzee mmoja mtaratibu, akawaambia kwamba ile ngozi ina jina, inaitwa pumu ya ngozi, na hicho kifua ni pumu vilevile, ni ndugu. Justa alilipenda jina hilo. Alisema walau sasa anaumwa ukoo mmoja, si watu baki.

Hakujua kwamba ukoo wenyewe ulikuwa bado haujafika wote.

Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, kwa shangazi yake Melania, anamsaidia kupika chapati. Alikuwa ameshaposwa na kijana wa kwao. Ghafla akawa anakunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Anakunywa ndoo, anakwenda chooni, anarudi anakunywa. Ndani ya mwezi nguo zikampwaya. Shangazi alimwangalia kwa jicho la pembeni akadhani ana mimba, kisha akadhani lingine. Siku aliposhindwa kuinuka kwenye mkeka, anahema kwa nguvu na pumzi yake inanuka kama tunda lililovunda, ndipo walipompakia kwenye bajaji kwenda Kolandoto, hospitali ya misheni.

Pale waliokoa maisha yake. Siku ya nne, akili ikiwa imemrudia, daktari alikaa kitandani kwake, shangazi akiwapo, akasema, "Justa, una kisukari, kile cha kuchoma insulini kila siku. Hukukipata kwa kula sukari. Chanzo chake ni kinga ya mwili wako."

Hapo hapo simu ya shangazi ikalia, ikakatika, na salio la kupiga hana, akatoka kwenda kununua vocha. Aliondoka na maneno mawili tu mkononi: kinga, mwili.

Wasomaji wangu mnajua maneno hayo yanatupeleka wapi. Tangu tukiwa wasichana tumeyasikia redioni, tumeyasoma kwenye mabango ya zahanati: Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwetu neno "kinga" halitembei peke yake. Ukilitaja, "upungufu" unalifuata nyuma kama mbwa na mwenyewe. Shangazi Melania hakurudi wodini kwa nusu saa. Vocha ile aliitumia kupiga Ushirombo.

Ile nusu saa ndiyo daktari aliyoitumia kueleza. Justa ameyashika maneno yale kama anavyoishika Baba Yetu, na mimi amenieleza mara nyingi hadi nimeyaweza. Daktari alikuwa Msukuma, akatumia mfano wa nyumbani.

"Kwenu sungusungu wapo?" alimuuliza.

"Wapo."

"Kazi yao nini?"

"Kulinda kijiji. Kushika wezi wa ng'ombe."

"Sasa kinga ndiyo sungusungu wa mwili. Huo ugonjwa watu wanaouogopa, sungusungu wanaisha, wezi wanaingia wanavyotaka. Wewe wako hawajaisha. Wako wamezidi, tena hawana adabu. Tangu uko mtoto wanampiga kila mgeni anayebisha hodi: vumbi, yai, baridi. Ndiyo ngozi yako, ndiyo kifua chako. Halafu siku moja wamemkuta mwenye nyumba anatoka zake chooni, wakamdhania mwizi. Wamepiga kongosho, yule anayetengeneza insulini, mpaka amekufa."

Akamwambia pia asiende kutisha watu. Si kila mwenye pumu ya ngozi atapata kisukari, wengi hawapati kabisa, na uhusiano wa hayo mawili wataalamu wenyewe bado wanauchunguza. Ila sungusungu wa namna ile wakishampiga mmoja wa nyumbani, wanaweza kumrudia mwingine, ndiyo maana kila mwaka apimwe tezi ya shingo. Na walimpima ule wa upungufu. Hana.

Shangazi akaingia na uji. Hakuuliza chochote. Alimpa uji ule kwenye kikombe cha plastiki kilichonunuliwa getini, na Justa alipomaliza, kikombe kikatupwa.

Aliporudi Ushirombo neno lilikuwa limeshafika, limekaa, limekunywa maji. Kikombe chake pembeni, taulo lake pembeni. Mzee Bujiku naye aliposikia "kinga" aliisikia ya waganga, akawa anauliza ni nani aliyeivunja kinga ya mji wake mpaka binti akaingiliwa. Mmoja anasikia ugonjwa, mwingine anasikia hirizi, na wa tatu, mwenye mwili wake, anaeleza habari za sungusungu na hakuna anayemsikiliza. Mchumba akatuma wazee, posa ikavunjwa. Justa alifunga mzigo akaja huku kwetu machimboni, upande wa Geita, mwendo wa pikipiki kutoka Katoro, mahali ambapo kila mtu ametoka kwingine na hakuna anayekuuliza ulikimbia nini.

Hapa ndipo alipopata mwiko.

Alianza kwa kuosha vyombo vya mama lishe mmoja aliyekuwa anataka kurudi kwao Kahama. Mama yule aliondoka, akamwachia banda na mwiko, mrefu unanifika kifuani, wa mninga, umeng'aa kwa mikono ya watu. Justa ana mwili mdogo lakini ukimwona anasonga ugali wa wachimbaji arobaini, sufuria limekaa chini kwenye mafiga, miguu kaitanua, utadhani anapiga kasia. Ugali wake hauna buja hata moja, hata donge dogo la unga. Mikono anaipaka mafuta ya mgando kwanza, anavaa glavu za kuoshea vyombo, maana sabuni na vitunguu vinamchubua, anapika. Wachimbaji humwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, leo umetuvalia kama daktari, tunakula au tunapasuliwa?" Anawajibu, "Mwenye deni la jana apasuliwe kwanza."

Insulini yake anaihifadhi kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga aliouloweka maji, juu gunia bichi. Hatuna friji huku. Walikuwa wanamtania kwamba pale kaficha dhahabu. Mchimbaji mmoja, Thobias, siku moja akafunua kuchungulia, akakuta vichupa viwili. Badala ya kukimbia akauliza, "Hivi vinalindwa na nini, wakati maji yameshakauka?" Akaenda akachota maji akamwagia mchanga. Huyo ndiye mumewe mpaka leo.

Miaka kumi na mmoja amelisha watu, na hakuna aliyekufa wala kuharisha. Jumuiya yetu, sisi Wakatoliki wa mtaa huu, tukiwa na msiba au kipaimara, Justa ndiye msonga ugali. Halikuwa jambo la kujadili. Msiba ukitokea, mwiko wake unaonekana unakuja barabarani kabla yake.

Kisha mpwa wa Philomena akaja kuuza mitumba, akitokea Ushirombo. Akamwona Justa, akamtambua, akasimulia yote yaliyosemwa kule. Wiki hiyo ndipo nilipoulizwa lile swali tukichambua maharage.

Mwezi wa nane alifariki mzee Donatus, baba wa mwenye karasha. Watu walikuwa wengi. Tulizika saa saba, tukarudi kula. Justa alikuwa amesonga masufuria mawili tangu saa tano. Philomena ndiye aliyekuwa kiongozi wa mapishi. Akatangaza, "Haya, chakula tayari, wanawake tunawe." Justa aliposikia hivyo akaenda nyuma ya turubai akachoma sindano yake. Ndivyo anavyofanya. Ukichoma, ndani ya nusu saa lazima ule, la sivyo sukari inashuka, unaanguka. Sote tulijua, alishatueleza.

Aliporudi, alimkuta Philomena na wanawake wawili wamelibeba sufuria lake la kwanza. Hawakulipeleka kwenye masinia. Walilipeleka kwenye shimo la majivu, wakalipindua. Ugali wa moto, unga wa rambirambi, unga uliochangwa kwa ajili ya watu waliofiwa, ukaanguka kwenye majivu ukatoa moshi. La pili likafuata. Philomena alikuwa amepikisha mwingine nyumba ya pili, kimya kimya.

Mtu akauliza, "Kulikoni?"

Philomena akasema, "Wageni wengi, tumeamua kuwa waangalifu. Mikono yake mnaiona." Na akamgeukia Justa kwa sauti ya huruma, sauti ile mbaya kuliko tusi: "Dada, wewe chakula chako tumekutengea." Akampa sahani ya njano ya plastiki, ukingoni imekwanguliwa msalaba kwa msumari.

Sisi tulikuwa tumekaa mkekani, saba kwenye sinia moja la ule ugali wa nyumba ya pili. Mimi tonge lilikuwa mdomoni. Niliuona msalaba ule. Nikatafuna. Nikameza. Namwandikia Mungu na nawaandikia ninyi: nilimeza, nikakata lingine.

Justa aliiweka sahani chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akaenda kukaa kwenye benchi karibu na ukuta. Hakula.

Baada ya muda jasho likaanza kumtoka, mikono ikatetemeka. Akaanza kuongea maneno yasiyopangika, anamwita mama yake, anasema dawati. Mwanamke mmoja akasema, "Kalewa msibani." Mwingine akasema ni pepo, limeona msalaba kwenye sahani, na akaanza kulikemea litoke huku amemshika kichwa. Mzee Luka, mwenyekiti wetu wa jumuiya, amesimama na rozari yake anamtazama kila mtu kama anasubiri maelekezo kutoka jimboni.

Nilichukua soda ya machungwa iliyokuwa mbele ya wageni, nikaifungua, nikampelekea mdomoni. Philomena akaidaka chupa.

"Mama Wiliam, una wazimu? Mtu ana sukari unamwongezea sukari?"

"Imeshuka."

"Imeshuka wapi wakati ndiyo ugonjwa wake? Unataka utuulie mtu hapa."

Kumbe kisukari anakijua. Sahani ilipochongwa ulikuwa upungufu, soda ilipokuja ukawa kisukari.

Nilimsukuma. Mimi, mwanamke wa miaka hamsini na minne, katibu wa akina mama, nilimsukuma jirani yangu akakaa kwenye sinia la maharage. Nikachukua chupa, nikamwinua Justa kidevu, nikamnywesha kidogo kidogo. Kisha nikampaka sukari ya chai ndani ya shavu kwa kidole changu, kidole hiki hiki, mbele yao wote, na kidole nilipokitoa nikakilamba. Dakika kumi hivi zilipita. Akafumbua macho vizuri, akaniuliza, "Ugali wameula?"

Nikampa soda iliyobaki.

Kule kusukuma nimekuungama. Hasira sijaiungama. Nimemwambia padre bado ninaitumia.

Siku ya tatu nilikwenda kwake, nikamwambia, "Justa, una cheti cha kipimo. Kila mwaka wewe na Thobias mnapima. Nipe nikawasomee Jumamosi kwenye jumuiya, niwafunge mdomo."

Alikuwa anamwagia mchanga maji. Akasema, "Cheti sitoi."

"Kwa nini?"

"Nikikitoa, nitakuwa nimesema kwamba aliye nao anastahili ile sahani, ila mimi walinikosea jina tu. Mama Wiliam, wewe na mimi tunamjua aliye nao, anayemeza vile vidonge kila siku, na anakula nanyi sinia moja, na ana afya kuliko Philomena. Nikisoma cheti changu, yeye atakaa wapi?"

Jina la huyo silitaji. Ila nilitoka pale nimeona aibu upya. Nilidhani namtetea mtu, kumbe nilikuwa nahamisha sahani tu. Ugali hauambukizi upungufu wa kinga. Mkono hauambukizi. Hilo lilisemwa redioni pamoja na yale mengine, miaka ile ile, kwa sauti ile ile, ila sisi tulichagua neno moja tukalishika, mengine tukayaacha yapite na upepo.

Basi Jumamosi nilisimama nikawaeleza habari za sungusungu. Sikusoma cheti. Nikawaeleza ngozi, kifua, kongosho, tezi, jinsi vinavyoweza kuwa kazi ya walinzi wale wale waliokosa adabu. Nikawaambia pia kwamba hata ungekuwa upungufu, mlichofanya ni dhambi ile ile, haipungui hata gramu. Mtu mmoja kutoka nyuma akasema, "Mama Wiliam siku hizi kawa mkali." Nikamwambia nimechelewa.

Philomena alilia. Sitamsema zaidi, kulia alilia kweli. Akasema aliogopa kwa ajili ya wajukuu. Nikamwambia na mimi niliogopa, niliogopa wewe usije ukanikasirikia, ndiyo maana nikatafuna. Sote wawili tulikuwa na sababu nzuri.

Jumapili baada ya misa tukaenda kwa Justa, watu kumi na wanne. Mzee Luka alikuwa ameandaa sala ya uponyaji, ukurasa mzima, na tumebeba mchele na kuku. Thobias alitutolea mabenchi bila kutusalimia, nami sikumlaumu. Justa alitoka, glavu mkononi, akaamkia wakubwa, "Shikamooni," tukaitikia "Marahaba" kwa sauti ndogo kama watoto wa kipaimara.

Mzee Luka akafungua karatasi. Justa akamwomba aikunje.

"Mzee wangu, kuniombea niombeeni tu, sikatai. Lakini ugonjwa wangu una dawa, ipo kwenye chungu pale, na Thobias anamwagia maji."

Mzee Luka akakunja karatasi mara mbili, mara tatu, hadi ikawa ndogo kama sabuni ya hoteli. Kuku anahangaika miguuni pake. Kisha akasema, "Binti yangu, basi tuambie wewe. Tukufanyie nini?"

Justa aliangalia ukutani, ule mwiko wa mninga ulikokuwa umeegemea. Haukuwa umeguswa tangu siku ya mzee Donatus. Wachimbaji alikuwa anawapikia wali, sufuria dogo, mwiko mfupi. Akatuangalia mmoja mmoja, akafika kwangu, akanipita, akaishia kwa Philomena. Akasema:

"Msiba ukitokea tena, naomba nisonge mimi, na ninyi mkae mle."